Moshi Uliochelewa

"Usiwashe bado, Fide. Nakuomba. Kidogo tu."

Obed alikuwa amelala kifudifudi kwenye mchanga wa ukingo wa bwawa, kamera imemgusa pua, anaongea kwa sauti ya chini kama mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Fidelia alisimama nyuma yake na kopo la makaa mkononi. Lilikuwa kopo kuukuu la rangi ya nyumba, limetobolewa matundu ubavuni na kufungwa waya wa kushikia. Vidole vilikuwa vinamuungua na mgongo unamganda.

"Kidogo tu ndiyo kiasi gani?"

"Jua likishafika hapa mchangani. Moshi ukitanda sasa hivi hakuna picha. Itakuwa kama nimepiga ndani ya jiko la bibi yangu."

Fidelia alicheka, maana Obed akisema jambo ilikuwa vigumu usicheke. Lakini kicheko hakikudumu. Alikuwa ameshasikia nyasi zinalia.

Hiyo ndiyo ilikuwa alama ya baba yake. Mzee Anthony Mlelwa hakuwa mtu wa kuangalia saa wala simu. Mwezi wa saba ukiingia Njombe na anga likawa safi, aliwaambia watu wa nyumbani kwake neno lile lile: "Toka nje alfajiri. Ukanyage nyasi. Zikilia kama unakanyaga mabua makavu, usimuulize mtu. Washa."

Shamba lilianza chini kidogo ya nyumba, likateremka mpaka karibu na maji. Lilikuwa la miparachichi michanga, urefu wa goti, imepandwa wakati wa mvua zilizopita. Kila baada ya miche kadhaa palikuwa na lundo la nyasi mbichi na maranda ya mbao. Ukiweka kaa chini yake lundo haliwaki, linatoa moshi mzito tu. Moshi ule unalala juu ya miche kama blanketi, na baridi inakosa pa kukaa. Baridi ni kitu cha ajabu, inateremka kama maji. Huko chini karibu na bwawa ndiko inakojaa.

Maranda yalikuwa yanaelekea kuisha, kwa hiyo mzee alikwenda Makambako kuchukua mengine kwenye mashine za mbao. Gari lilichelewa kupakia, akalala huko kwa ndugu yake. Mama, Asteria, ana kifua, moshi kwake ni marufuku. Shamba lote likaachwa mkononi mwa Fidelia.

Na mkono huo sasa ulikuwa umeshika kopo, umesimama.

Alipofika na bodaboda kutoka mjini kabla hakujapambazuka, Obed alikuwa ameuliza vizuri tu. "Hayo malundo ni ya nini?" Kwao ni Kidugala, wanalima mahindi na maharage, parachichi analijua likiwa kwenye sahani.

"Ya moshi," alijibu Fidelia.

"Moshi wa nini?"

"Wa kuota tu."

Neno lilimtoka lenyewe. Angesema kweli, Obed angefunga begi lake na kumsaidia kuwasha, alimjua. Picha ingekufa. Na ile picha haikuwa ya mchezo. Kulikuwa na mama mmoja anajenga nyumba ya wageni kubwa Makambako, ya ghorofa, anataka picha za ukutani kila chumba. Alimwambia Obed, niletee kitu cha Njombe ambacho mgeni akikiona atauliza, hii kweli ni Tanzania? Ukikileta, vyumba vyote ni vyako.

Basi Fidelia mwenyewe ndiye aliyempigia simu. Ndiye aliyemwambia kwamba maji ya bwawa yamerudi nyuma kwa kiangazi yakaacha mchanga, kwamba usiku pembeni panaganda, na viwimbi vinavunja barafu ile na kuitupa mchangani. "Njoo uone," alimwambia. "Utadhani mtu amevunja madirisha ya kanisa."

Jumapili ilikuwa inakuja. Jumapili mjomba wake Obed, mzee Mikaeli, alikuwa aje pale nyumbani kama mshenga. Mzee Anthony alikuwa amekubali kwa shida, tena nusu. "Nitamsikia," alisema. "Sijasema nitamkubali. Ulutheri wake tutaongea na padri, Mungu ni mmoja. Lakini kazi gani hiyo, mtu anafumba jicho moja siku nzima halafu anasema amechoka?"

Ndiyo maana ya vyumba vya yule mama. Obed alitaka mjomba wake aingie pale na kitu cha kusema.

"Njoo hapa," Obed alimwita sasa. "Njoo uone hiki."

Fidelia aliweka kopo chini, akapiga magoti. Kipande kilisimama mchangani kwa ncha, chembamba kama kioo cha taa, na ndani yake kulikuwa na unyasi mmoja, mzima, umelala na vipovu vya hewa pembeni. Obed alisogea ili amwachie nafasi ya kuchungulia kwenye kamera, lakini hakusogea mbali. Shavu lake lilikuwa la baridi. Pumzi zao zikatoka pamoja zikawa wingu moja.

"Umeona?"

"Nimeona."

"Mikono yako inanukia makaa."

"Na ya kwako inanukia nini?"

"Woga," alisema Obed.

"Unaogopa nini wewe? Uko hapa unajilaza kama kenge."

"Naogopa Jumapili. Tangu juzi silali. Naota mzee wako ananiuliza swali na mimi najibu kwa Kiingereza."

Safari hii Fidelia alicheka kwelikweli, akaweka kipaji cha uso begani kwa Obed, akakaa hivyo. Angeweza kukaa hivyo mpaka kesho. Kisha akainua macho, akatazama nyuma kule kwao.

Jua lilikuwa limetokeza nyuma ya kilima cha miti ya miwati ng'ambo ya bwawa, lakini mwanga haukuanzia pale walipo. Ulianzia juu, kwenye bati la nyumba. Bati likawa jekundu. Ukashuka ukutani, ukafika kwenye safu ya kwanza ya miche, ukaanza kuteremka. Ulikuwa unakuja kwao taratibu, kama mtu anayeshuka ngazi na taa mkononi, na kila ulipokanyaga palimeta. Majani yote yalikuwa meupe pembezoni, kama yamepakwa chumvi.

Mtu asiyejua angesema ni uzuri mtupu. Parachichi likipigwa na barafu hupendeza kwanza. Linameta. Jua likishapanda ndipo jani linalegea, linakuwa kama limechemshwa, na ikifika mchana limekuwa jeusi.

"Obed."

"Mm?"

"Bado sana?"

"Unakuja. Uone unavyokuja! Mwanga wa hivi, wa chini chini, huwezi kuupata mwezi mwingine wowote. Usipumue."

Alitaka kusema. Neno lilikuwa pale kwenye ulimi. Alijiambia safu hii tu, mwanga ukipita safu hii nitasema. Ukapita. Akajiambia ile yenye mti wa mwisho wa mpera. Ukapita na pale. Sasa, msomaji, wako watu watasema msichana huyu hakuwa na akili. Alikuwa nazo. Alikuwa amemtazama Obed usoni, akaona uso wa mtu aliyefikia kitu chake baada ya kukitafuta muda mrefu, na akashindwa kuwa yeye wa kukiondoa.

Mwanga ukafika mchangani.

Vipande vikawaka. Siyo kumeta, kuwaka, kimoja baada ya kingine, rangi ya asali, na vivuli vyao vikalala virefu juu ya mchanga wa baridi. Ule unyasi ndani ya barafu ukaonekana kama unataka kuota. Obed alibonyeza. Kamera ililia, ikalia, akajiviringisha upande wa pili, ikalia tena. Kisha akakaa chini, mchanga umemjaa kifuani, akacheka peke yake.

"Fide, nimeipata! Mungu wangu, nime..." Akageuka. "Mbona unalia?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Sauti ya mama yake ilishuka kutoka juu.

"Fide! We Fide! Mbona sisikii harufu ya moshi?"

Mama Asteria alikuja na blanketi mabegani, raba za mvua miguuni, anakohoa. Alipomwona Obed alisimama.

"Shikamoo mama," Obed alisema, anajipangusa mchanga.

"Marahaba baba. Kumbe tuna mgeni." Halafu macho yake yakaenda kwenye miche, yakaenda kwenye malundo, yakaenda kwenye kopo lililokuwa limewekwa chini. "Mama yangu mzazi! Fide, hujawasha?"

"Kuwasha nini, mama?" aliuliza Obed. "Moshi wa kuota?"

"Kuota? Nani anaota shamba zima, baba? Huo ni moshi wa kuzuia barafu! Miche yote hii ya mzee!" Akainama, akashika jani la mche wa karibu. Lilikuwa gumu kama karatasi ya bati. "Haya, msisimame hapo kama mnapigwa picha! Jua lisizidi kuipiga hii ya chini. Funikeni! Leteni magunia, leteni mashuka, chochote. Na maji ya kisima, yana uvuguvugu, mwagieni majani taratibu."

Wakakimbia. Magunia ya mbolea, turubai la kuanikia mahindi, mashuka ya kitandani. Obed alichota maji, ndoo huku na ndoo huku, akipanda na kushuka huku viatu vinateleza. Mara mbili walipishana njiani na Obed hakumtazama. Mara ya tatu alisimama mbele yake.

"Nilikuuliza," alisema. Alikuwa anahema. "Nilikuuliza kabisa, Fide. Moshi wa nini? Ukanijibu nini?"

"Obed, tufunike kwanza."

"Ukanijibu nini?"

"Wa kuota."

"Kwa hiyo mimi nimelala pale naomba 'kidogo tu, kidogo tu', na wewe unajua naiomba nini. Mimi sijui. Umenifanya mwizi wa mali ya baba yako na mimi mwenyewe sina habari!"

"Ningekwambia ungeacha!"

"Ndiyo, ningeacha!"

"Basi! Ndiyo hivyo! Sikutaka uache!" Alikumbatia gunia alilobeba. "Umeshinda mwaka mzima unapiga watu picha za vitambulisho. Siku moja unapata kitu chako, mimi nikwambie inuka, kuna moshi?"

"Uniambie! Kazi yako ni kuniambia!"

"Nyie!" Mama Asteria alipiga kelele kutoka safu ya chini. "Mtagombana mkishaoana! Leteni shuka hapa!"

Wakati mwingine maneno kama yale yangewafanya wote wawili waone haya na kuangalia chini. Leo yaliwapita. Mashuka yaliisha, Fidelia akaingia ndani akatoka na kitenge cha mama yake cha WAWATA, kile cha sare ya akina mama wa kanisani.

"Hicho cha Jumapili!" mama alilalamika, kisha akakipokea, akakitandaza mwenyewe juu ya miche mitatu. "Haya. Bikira Maria atusamehe."

Ndipo waliposikia honi. Ndefu, halafu fupi. Fuso lilikuwa linakata kona ya juu, limejaa maranda, na pembeni ya dereva alikaa mtu mwenye koti refu ambaye kwa vyovyote vile alikuwa ameshaangalia chini na kuona kwamba shamba lake halina moshi.

Fidelia alimshika Obed mkono. "Ondoka. Pita pale nyuma ya matete, zunguka bwawa, utatokea njia ya Kifanya. Nitamwambia nilipitiwa na usingizi."

"Utamdanganya na yeye?"

"Obed, humjui baba!"

"Ndiyo nataka nimjue." Aliutoa mkono wake. "Aniue hapa hapa. Sitaki anisikie niko mjini nakunywa chai."

Mzee Anthony alikuwa mfupi, na maranda yalikuwa yamemjaa kwenye nyusi kama mtu aliyezeeka ghafla njiani. Fidelia alimwamkia. Obed alimwamkia. Aliwaitikia wote kwa "marahaba" moja, akawapita. Alianza safu ya juu. Alikuwa anashika jani, analiachia. Anakwangua gome kidogo kwa ukucha wa kidole gumba, anaangalia, anakwenda mche wa pili. Hakuharakisha. Watu watatu walimfuata kwa mbali kama wanaomfuata daktari wodini. Safu za juu alizipita bila neno. Za katikati akaanza kusimama zaidi. Za chini alifunua kitenge, akakitazama kwanza kitenge, akamtazama mkewe, akatazama mche. Majani yalikuwa yameshaanza kulegea. Alikwangua. Akanusa ukucha wake.

"Nani kasema moshi usiwashwe?"

"Mimi, baba," alisema Obed.

"Mimi, baba," alisema Fidelia.

"Msiniimbie kwaya. Mmoja mmoja."

"Mimi ndiye niliyeomba," Obed alisema. "Nilikuwa napiga picha barafu ya pale mchangani. Niliomba asubiri."

"Ulikuwa unajua moshi ni wa nini?"

Obed alinyamaza. Fidelia aliona vizuri kwa nini amenyamaza. Akisema sikujua, anamtupa yeye.

"Nilipaswa kujua," alisema mwishoni.

"Sikukuuliza ulipaswa nini."

"Hakujua, baba," Fidelia alisema. Alisikia sauti yake kama ya mtu mwingine. "Aliniuliza, nikamdanganya. Nilisema ni wa kuota. Niliogopa ataacha kupiga."

Mzee aligeuza ndoo moja iliyokuwa tupu, akaikalia. Alipangusa nyusi. Kwa muda ilisikika mama Asteria akikohoa tu, na dereva kule juu akigonga tairi kwa rungu.

"Ulitoka nje alfajiri?"

"Nilitoka."

"Nyasi zililia?"

"Zililia, baba."

"Kopo unalo mkononi, makaa yamo."

"Nilikuwa nalo."

"Ukanyamaza. Kwa sababu huyu kasema ngoja." Alimwonyesha Obed kwa kidevu, bila hasira, na hilo ndilo lilimtisha Fidelia zaidi. Hasira za baba yake alizizoea. "Miti nitapanda mingine. Baadhi itachipua, baadhi haitachipua, nimeshazoea. Lakini siku zote hizi nimekuwa nasema Mlutheri, nasema mpiga picha, kumbe nazungumza mambo ya pembeni. Wewe ndiye niliyepaswa kumwangalia. Sasa nijibu, mwanangu. Umeolewa, uko kwake. Mtoto ana homa. Yeye ana kazi yake, kasema ngoja kidogo. Utanyamaza?"

Fidelia alilitazama kopo lililokuwa bado chini mchangani.

"Baba Fidelia, basi," mama alisema kwa sauti ndogo.

"Basi ya nini? Nimeuliza."

Obed alisogea mbele. Alikuwa ameivua kamera shingoni. "Baba, mimi nazifuta," alisema. "Zote. Hapa mbele yako. Sitaki kitu kilichotoka kwenye hasara ya mtu." Aliiwasha, kidole gumba kikakaa juu ya kitufe, na kwenye kioo kile kidogo nyuma Fidelia akaiona: barafu, unyasi, mwanga wa asali. Ndogo kama stempu, na bado ilipendeza.

Mzee alikuwa anatazama. Uso wake ulikuwa umelegea kidogo, kidogo sana, lakini mtoto wa mtu anamjua baba yake. Fidelia aliona kabisa jambo litakavyokwenda. Obed atafuta. Baba atasema, angalau kijana ana adabu. Jumapili itapona. Kilichotakiwa ni kimoja tu, yeye anyamaze.

"Hapana," alisema.

Wote wakageuka.

"Usifute, Obed."

"Fide, acha niifute. Ndiyo inayotakiwa."

"Inatakiwa na nani? Ukifuta, huu mche utaamka?" Maneno yalikuwa yanakuja, moja linalivuta jingine. "Utafuta leo ili baba akupende. Halafu mwakani, tumegombana kwa chumvi tu, utaniambia niliacha kazi yangu kwa ajili yako. Sitaki. Picha ni nzuri. Ni ya kwako. Kosa ni langu, usinifutie."

Obed alibaki na kidole juu ya kitufe. Kisha akakiondoa.

"Na Jumapili mjomba Mikaeli asije."

"Fide!" Hii ilikuwa sauti ya mama.

"Asije Jumapili hii, mama. Baba ameniuliza swali na sina jibu. Nitakaaje sebuleni nimefunikwa kitenge watu wanaongea habari zangu, na mimi swali lenyewe sijalijibu?" Akamgeukia baba yake. "Nitalijibu, baba. Siyo leo. Nikilijibu leo nitakuwa nakufurahisha tu."

Mzee Anthony aliinama. Alifunika tena ule mche kwa kitenge, akabana pembe yake kwa jiwe, vizuri, kama mtu anayemfunika aliyelala. Aliposimama magoti yalimlia.

"Maranda yako kwenye gari yanasubiri," alisema. Alianza kupanda, akasimama bila kugeuka. "Na mgeni wako umemwacha amesimama. Hapa kwangu mgeni anasindikizwa."

Walipanda mpaka barabarani. Obed alibeba begi, Fidelia akambebea nguzo tatu za kusimamishia kamera, zimeganda baridi. Vumbi la barabara lilikuwa na unyevunyevu. Bodaboda ilikuwa inaonekana kwa mbali, inakuja polepole.

"Umenifukuza?" aliuliza Obed.

"Hapana."

"Nitamwambia nini mjomba? Ameshanunua viatu."

"Mwambie avivae kanisani."

Hakucheka. Macho yake yalikuwa mekundu, kwa moshi ambao haukuwepo. "Fide, mimi sijui hili swali la baba yako litachukua muda gani. Na wewe hujui. Labda ukilijibu utaona unataka mtu mwingine. Au mimi nitaogopa. Nasema kweli, sasa hivi nimeogopa kuliko alfajiri."

"Na mimi."

"Kufukuzwa na hivi, tofauti iko wapi?"

"Ungefukuzwa nisingekubebea hizi." Alimpa nguzo zake. Vidole vyao vikagusana kwenye chuma, hakuna aliyekuwa wa kwanza kuondoa mkono. "Utapiga simu jioni?"

"Nikipiga utaniambia kweli? Hata nisiyoitaka?"

"Nitaanza na hiyo. Wewe usikate tu."

Bodaboda ikafika. Obed alipanda, akaweka kamera tumboni ndani ya sweta kama mtu aliyebeba kifaranga. Alitaka kusema neno, dereva akatia gia. Fidelia alisimama mpaka sauti ya pikipiki ilipozama nyuma ya miwati upande wa mjini, na hata baada ya hapo alibaki kidogo anasikiliza.

Hakujua kama jioni simu ingeita. Alijua jambo moja tu, kwamba upepo ulikuwa umetulia kabisa na anga lote, kutoka upande wa Makambako mpaka kwao, halikuwa na wingu hata dogo: usiku nyasi zingelia tena. Alikunja mikono ya sweta, akashuka kwenda kwenye fuso. Baba yake alikuwa ameshaanza kuteremsha maranda. Alimsogezea gunia, na Fidelia akalipokea.